Kuhamia Kwenye Trela Dogo Baada ya Kustaafu: Nini Kitangulie

Wengi wanaofikiria kuuza nyumba na kuishi safarini ndani ya trela dogo huanza kwa kuchagua trela. Mimi na mume wangu, wenyeji wa Tanga, tulianza hivyo hivyo tulipokaribia kustaafu huko Minnesota, na kosa hilo lilitugharimu mwaka mzima pamoja na fedha ambazo mstaafu hana pa kuzichuma tena. Trela ndilo linalopaswa kuamuliwa mwisho. Kwanza huja anwani na bima ya afya, maana ndizo zinazoamua wewe ni mkazi wa wapi na utatibiwa wapi, kisha gari la kuvuta, maana ndilo linaloweka kikomo cha uzito, kisha usiku wa kutosha ndani ya trela la kukodi, ndipo ununue. Maelezo haya yamefuata mpangilio huo, na yanahusu Marekani, nchi ambayo maisha ya namna hii yameshazoeleka: viwanja vya kuegesha matrela vipo kila upande, vituo vya kumwaga maji machafu vinajulikana, na ipo ardhi kubwa ya umma ambamo mtu anaruhusiwa kulala. Ukijipa miezi kumi na minane ya maandalizi hutaharakishwa na mtu.

Anwani kabla ya yote

Leseni ya udereva, namba za gari, bima, kodi, kura na hata wosia hutegemea jimbo ulilojiandikisha, na mtu asiye na nyumba bado hutakiwa kuwa na jimbo. Wanaoishi safarini huelekea zaidi South Dakota, Texas na Florida, majimbo matatu yasiyotoza kodi ya mapato ya jimbo na yenye kampuni zilizozoea kupokea barua za wasafiri. South Dakota kwa miaka mingi imekuwa ikiwapa leseni wasafiri wanaoonyesha risiti ya kulala hapo usiku mmoja. Texas ina mji mdogo wa Livingston, makao makuu ya Escapees, chama cha wanaoishi safarini kilichoanzishwa mwaka 1978, ambako barua za maelfu ya watu wasioishi hapo hupokelewa na kutumwa walipo. Kanuni hizi hubadilika, hasa zile za upigaji kura, kwa hiyo uliza ofisi ya jimbo lenyewe kabla hujafunga safari.

Kampuni inayopokea barua zako itakudai fomu ya posta namba 1583, inayosainiwa mbele ya mthibitishaji. Ifanye mapema, kwa sababu hakuna barua itakayopokelewa kabla fomu hiyo haijakamilika. Benki ni suala jingine. Nyingi huitambua anwani ya kampuni ya barua kuwa si makazi ya mtu na huikataa, na hapo anwani ya mtoto au ndugu, kwa ridhaa yake, ndiyo inayookoa.

Kwa wahamiaji kuna la ziada. Mwenye kadi ya kijani anayehamisha makazi anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, na kisheria anatakiwa kuwa na kadi yake mfukoni wakati wote. Kusini mwa Texas na Arizona kuna vizuizi vya doria ya mpaka ambavyo haviko mpakani bali ndani ya nchi, katikati ya barabara kuu, na trela lenye namba za jimbo la mbali linaloendeshwa na wazee wawili wenye lafudhi ya Tanga haliachi kuulizwa maswali. Kadi zetu hukaa kwenye mkoba mmoja nyuma ya kiti cha dereva.

Bima ya afya isiyofungwa na kaunti

Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, huanza ukifikisha miaka 65, na dirisha la kujiandikisha kwa mara ya kwanza lina miezi saba: mitatu kabla ya mwezi unaotimiza umri huo, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Ukichelewa kuchukua Sehemu B, ile inayolipia madaktari, ilhali huna bima ya mwajiri, mchango wako wa kila mwezi huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa, na nyongeza hiyo kwa kawaida hukaa nawe maisha yako yote.

Kwa msafiri, uamuzi mkubwa ni kati ya Medicare ya asili na mipango ya Medicare Advantage inayouzwa na kampuni binafsi. Ile ya asili hupokelewa na daktari yeyote nchini anayekubali Medicare, awe Maine au New Mexico. Mipango ya Advantage ina mvuto wake, kwani mingi ina mchango mdogo na huongeza meno na miwani, lakini mingi vilevile hukufunga kwa madaktari wa eneo moja, jambo ambalo mtu wa trela hulijua siku anapohitaji daktari maili elfu moja kutoka kwenye eneo hilo. Ukichagua ya asili, zingatia pia bima ya nyongeza iitwayo Medigap: katika miezi sita ya kwanza tangu uwe na miaka 65 na Sehemu B, kampuni haiwezi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa, lakini baada ya hapo katika majimbo mengi inaweza kukuuliza kuhusu sukari na presha yako na kukupandishia bei au kukukatalia. Aliyestaafu kabla ya miaka 65 anahitaji kukagua zaidi, kwa kuwa bima za soko la serikali hutofautiana jimbo kwa jimbo, na hilo peke yake laweza kubadili jimbo utakalojiandikisha.

Medicare kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya Marekani, hivyo safari ya kwenda kusalimia nyumbani inahitaji bima yake.

Hamishia dawa zote kwenye duka la dawa lenye matawi nchi nzima, na uchague mji mmoja utakaoupitia kila mwaka kwa ajili ya uchunguzi wa mwili, macho na meno. Wetu tunaupitia kila Oktoba, na ratiba yote ya mwaka huzungushwa kuanzia hapo.

Gari na mizani

Matangazo ya magari husema gari fulani huvuta pauni 5,000, na muuzaji huishia hapo. Namba itakayokubana iko kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinachoeleza uzito wa watu na mizigo ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba. Uzito wa shingo ya trela, yaani sehemu inayokaa juu ya mpira wa chuma nyuma ya gari, huhesabiwa humo, na kwa usalama unatakiwa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela lililopakiwa.

Chukua pikapu iliyotangazwa hivyo, yenye kibandiko cha pauni 1,200, ambazo ni takriban kilo 544. Trela likiwa na pauni 3,500 baada ya kupakiwa, shingo yake kwa asilimia 12 ni pauni 420. Wewe na mwenzako mna pauni 340 kwa pamoja. Ndoano na vyuma vyake ni pauni 70. Zimebaki pauni 370, na bado hujaweka jenereta, kisanduku cha spana, mitungi ya ziada, viti vya kukunja, baiskeli, wala kifuniko cha nyuma cha pikapu. Gari lililosifiwa kuvuta pauni 5,000 limeshakaribia kikomo chake kwa trela la pauni 3,500.

Anayetoka kwetu anaijua mizani ya barabarani kama mahali ambapo lori husimamishwa. Marekani nenda mwenyewe. Vituo vingi vikubwa vya malori vina mizani ya kulipia yenye mabamba matatu: ekseli ya mbele hukaa bamba la kwanza, ya nyuma la pili, na trela la tatu, kisha unapewa karatasi ya vipimo. Pima mara mbili, trela likiwa limefungwa na likiwa limeachwa pembeni. Tuseme gari peke yake lina pauni 5,180, na likiwa na trela ekseli zake mbili zinasoma pauni 5,640. Tofauti ya pauni 460 ndiyo uzito wa shingo. Bamba la trela likisoma 3,140, ukijumlisha na shingo trela zima ni pauni 3,600, na shingo ni karibu asilimia 13. Hapo umepakia vizuri. Ikishuka chini ya asilimia 10, sogeza mizigo mbele, maana trela lililolemewa nyuma huanza kupiga mkia, yaani kuyumba huku na huku, kwenye mteremko. Likipiga mkia, usikanyage breki ya gari wala usizungushe usukani kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta na ubonyeze kwa mkono kidhibiti cha breki za trela, ili trela lijizuie lenyewe nyuma yako. Hilo lifanyieni mazoezi kwenye uwanja mtupu, nyote wawili. Mimi nilijifunza kurudi nyuma na trela kwenye maegesho ya kanisa siku za Jumanne, na nakiri kwamba nguzo moja ya taa bado ina alama yetu.

Tairi za trela huzeeka kabla ya kuisha. Ubavuni zina namba nne za mwisho zinazotaja juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019, na tairi hiyo, hata ikiwa na meno mapya, mimi nisingeivuta jangwani. Kumbuka pia kwamba California huruhusu gari linalovuta trela maili 55 tu kwa saa, hata pale ambapo magari mengine yanaruhusiwa 70.

Kulala humo kabla ya kununua

Kodi trela la ukubwa unaoutaka na ukae humo majuma sita mfululizo kabla ya kuuza nyumba. Wikiendi mbili za kiangazi hazitoshi, kwa kuwa wikiendi mtu huwa mgeni, ilhali katika juma la nne ataumwa jino, atafua nguo, atapokea barua ya kodi na atanyeshewa siku tatu bila kutoka. Chagua msimu wenye baridi kidogo.

Mambo matatu tuliyagundua katika majaribio hayo ambayo picha za dukani hazikutuonyesha. La kwanza ni kitanda. Matrela mengi madogo yana kitanda kilichobanwa na kuta tatu, na anayelala ndani hana njia isipokuwa kumpanda mwenzake. Watu wa umri wetu hawaamki usiku mara moja. Usiku wa nane mume wangu alinikanyaga goti, na asubuhi yake tuliifuta michoro yote ya namna hiyo kwenye orodha yetu. Tangu hapo nawashauri wazee wenzangu watafute vitanda viwili vyembamba vyenye njia katikati, au kitanda ambacho kila mtu anashukia upande wake.

La pili ni pumzi. Watu wawili waliolala ndani ya chumba kidogo usiku wa baridi hutoa mvuke mwingi, kuta hutokwa jasho, na chini ya godoro huanza ukungu. Dirisha la paa liwe wazi kidogo hata kwenye baridi, na godoro likae juu ya vibao vyenye nafasi ili hewa ipite.

La tatu ni jiko. Samaki wa kukaanga ndani ya trela hubaki kwenye mapazia siku nne, na pilau vilevile. Pikia nje, kwenye jiko la gesi la mezani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, hata likiwa limebaki makaa tu ya kutia joto, kwa sababu hewa yake huua waliolala bila kuwaamsha. Hakikisha kengele za hewa hiyo na ya gesi zinafanya kazi, na uangalie tarehe zake za mwisho.

Kununua bila kununua maji

Adui wa trela ni maji ya mvua. Trela letu la kwanza tulilinunua kwa mtu binafsi, na siku ya kulikagua lilinukia marashi hadi tukapiga chafya. Tuliona ni usafi. Miezi miwili baadaye nilikandamiza kona chini ya dirisha la mbele kwa kidole gumba na kidole kikaingia, kama ulivyo mkate uliolowa chai. Mbao zote za kona ile zilikuwa zimeoza nyuma ya karatasi nzuri ya ukutani. Kwa hiyo kandamiza kila kona, ndani ya makabati na chini ya godoro, tembea sakafuni ukihisi panapobonyea, na panda ngazi uone paa. Harufu kali ya manukato ichukulie kuwa ni swali linalodai jibu.

Kwa wasiotaka kushindana na mishono mingi ya paa kuna matrela ya faiba, yaliyofinyangwa kwa maganda mawili yakaunganishwa katikati, kama mashua za faiba tunazozijua pwani. Scamp ya Backus, Minnesota, hutengeneza ya futi 13 na 16 tangu miaka ya 1970, na Casita ni ya Texas. Ni mepesi, na ya mitumba hayashuki bei haraka, jambo ambalo humuumiza mnunuzi na kumfaa muuzaji. Tunaishi kwenye la futi 16. Aina yoyote utakayochagua, kagua madirisha, matundu ya paa na vizibo vyake mara mbili kwa mwaka, na uwe na mrija wa kuzibia ndani ya gari.

Maji, choo na umeme

Hapa waliokulia kwa dumu na kopo wametangulia darasa. Tangi la galoni 20 likijaa, maji yake yana uzito wa pauni 167, takriban kilo 76, na jirani yetu mmoja alilimaliza kwa siku moja na nusu kwa kuoga tu, wakati sisi tulikaa nalo siku tano kwa beseni na kata. Kinachojaa mapema mara nyingi ni tangi la maji ya sinki na bafu, si la choo.

Bomba la choo liache limefungwa mpaka tangi likaribie kujaa. Ukiliacha wazi kiwanjani, maji hutoka na uchafu hubaki ukikauka, na kuuondoa ni kazi nisiyomwombea mtu. Kituoni mwaga choo kwanza, kisha maji ya sinki yaoshe mpira wa kumwagia, nawe uwe na glovu.

Kuhusu umeme, betri ya kawaida ya asidi itumie nusu tu ya uwezo wake, ilhali ya lithiamu hutumika karibu yote. Betri ya lithiamu ya volti 12 na amp-saa 100 ina takriban wati-saa 1,200. Birika la umeme la wati 1,500 likiwashwa dakika kumi hula wati-saa 250, yaani sehemu ya tano ya betri kwa chupa moja ya chai, na ndiyo maana chai yetu huchemshwa kwa gesi.

Kufuata hali ya hewa

Mabomba ya trela hupasuka maji yakiganda, na paa lake halizuii joto la Julai. Kwa hiyo mwaka huzunguka: majira ya baridi kusini mwa Arizona, Texas au Florida, kiangazi kaskazini au milimani. Mara nyingi huhitaji kwenda mbali, kwa kuwa joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Phoenix iko mita 331 juu ya bahari na Flagstaff mita 2,106, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari linalovuta, na kati yake kuna zaidi ya nyuzi kumi.

Kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na BLM, idara ya ardhi ya serikali kuu, kanuni ya kawaida ni siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha uhame. Karibu na Quartzsite, Arizona, kuna maeneo ya kukaa muda mrefu ambayo kwa kibali cha msimu mtu hukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Hapo tulipata faida ambayo hatukuitarajia: Arizona, ukiacha ardhi ya Wanavajo, haibadilishi saa kwa kufuata majira kama majimbo mengine mengi, kwa hiyo tofauti na nyumbani ni saa kumi mwaka mzima, na tukipiga simu saa mbili za usiku tunawakuta Tanga saa kumi na mbili za asubuhi, kabla hawajatoka.

Fedha

Mwenye miaka 62 na kuendelea ambaye ni raia au mkazi wa kudumu hununua pasi ya wazee ya hifadhi za taifa kwa dola 80, ya maisha yote, nayo hupunguza nusu ya ada ya kulala katika viwanja vingi vya serikali kuu. Mafuta ndiyo yanayoyumba. Gari letu lilishuka kutoka maili 22 kwa galoni hadi 12 lilipoanza kuvuta, na dawa yake ni kukaa majuma mawili mahali badala ya siku mbili.

Kwenye bajeti weka safu ambayo vitabu vya Wamarekani havina: tiketi mbili za ndege za kwenda nyumbani bila kujiandaa, kwa ajili ya msiba, pamoja na michango ya harusi na matanga ambayo haiulizi kama umestaafu. Fedha hizo zisiguswe kwa tairi wala kwa betri. Ikitokea mkaondoka, trela liachwe kwenye yadi ya kulipia likiwa limekaushwa maji, gesi imefungwa, betri imetenganishwa na chakula chote kimetolewa, hata mchele, kwa sababu ya panya.

Tenga vilevile kodi ya pango ya miezi sita kwa siku ambayo mmoja wenu hataweza tena kuendesha. Escapees wana kituo Livingston kinachowahudumia wasafiri waliougua au kuzeeka huku wakiishi ndani ya matrela yao, na inafaa kukitembelea mkiwa wazima ili mjue kama kinawafaa. Sisi tumeandika uwezo wa kisheria wa kuwakilishwa na maagizo ya matibabu, na binti yetu ana ufunguo wa pili, nakala ya hati ya trela, na maelekezo ya kulifunga na kulivuta, niliyomwandikia kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu.